Anakokotoa marinda kichwani, darasani anasema hesabu si zake

Mama Marinda (Moshi) ameuliza:

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Kiboriloni, na kazi yangu kubwa ni sare za shule. Nina kijana wangu yuko kidato cha pili, shule ya kutwa hapa hapa Moshi, na Novemba ana mtihani wa taifa. Naomba msaada wa waliosomea ualimu, na wa mzazi yeyote aliyewahi kupita hapa nilipo.

Shule ya msingi hesabu alikuwa anaziweza. Darasa la saba alipata B. Alipoingia sekondari akaanza kushuka: mwaka jana alama 30, mtihani wa muhula uliopita 11. Nilipomuuliza alinijibu bila hata kunitazama, "Mama, hesabu si zangu. Kuna watu wamezaliwa nazo." Baadaye mdogo wake ndiye aliyenieleza kwamba kuna mwalimu alimwambia mbele ya darasa zima akae nyuma, hesabu awaachie wenye kichwa. Iliniuma sana. Tangu Januari namlipia tuisheni shilingi 15,000 kwa mwezi, ambazo kwangu ni ushonaji wa sketi tatu, na sijaona badiliko. Kila siku namwambia unaweza mwanangu, Mungu amekupa akili. Nikisema hivyo ndipo anazidi kunyamaza.

Sasa sikilizeni hili. Jumamosi iliyopita alikuja mama mmoja na binti yake, anataka sketi ya marinda, kitambaa amekuja nacho mwenyewe, mita mbili. Nikampima binti: kiuno 26. Kijana wangu alikuwa amekaa mlangoni anavisha uzi kwenye bobini. Kabla sijashika chaki akasema, "Mama, hapo ni 78." Kwa wasiojua: marinda yaliyolala yote hula kitambaa mara tatu ya kiuno. Halafu akaendelea, hata kichwa hajainua: "Marinda ya inchi mbili yatakuwa 13. Ila mita mbili haifiki 79, mshono utakosa nafasi. Ya nyuma uyapunguze kina kidogo." Nikapima kwa futi. Ni kweli, mita mbili ni 78 na robo tatu, mshono ungekosa pa kukaa. Mimi nimeshona miaka 17, na hapo ningekata kwanza ndipo nijute.

Swali langu: inakuwaje mtoto yule yule afanye hivi kibandani, na darasani aandike 11? Na mimi niliyeishia darasa la saba, nisiyejua hizo x zake, nimsaidieje?

---

Baba wa Pasua amejibu:

Pole dada. Mbadilishie tuisheni. Wapo wanaofundisha vizuri, na wapo wanaokusanya watoto 60 sebuleni na kunakili maswali ubaoni. Chunguza kwanza uko wapi.

---

Mwalimu wa Sakina (Arusha) amejibu:

Mama Marinda, pole na hongera kwa pamoja. Nafundisha hesabu sekondari hapa Arusha, huu ni mwaka wangu wa 19, na ujumbe wako nimeusoma mara tatu kwa sababu ya hiyo sketi.

Nianze na swali lako la kwanza. Kuna mwanasaikolojia aitwaye Albert Bandura, alifundisha Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, tangu 1953, amefariki 2021. Mwaka 1977 aliandika juu ya kitu ambacho mimi nakiita imani ya kujiweza. Usiichanganye na kujiamini kwa ujumla. Hii ni imani ya mtu kwamba kazi *hii*, hapa, anaimudu, na haihami yenyewe kutoka mahali hadi mahali. Mtu anaweza kuwa nayo mbele ya cherehani na ikamtoka mbele ya ubao. Kwa hiyo kijana wako hadanganyi kibandani wala hadanganyi darasani. Kibandani ameshakokotoa marinda, akaona sketi imekatwa, ikashonwa, ikamkaa mteja. Darasani alichokiona kwa macho yake mwenyewe ni alama nyekundu.

Bandura alieleza imani hiyo inatoka wapi. Chanzo chenye nguvu kuliko vyote ni kazi uliyoifanya mwenyewe ukaiweza. Kinafuata kumwona mtu anayefanana na wewe akiiweza. Maneno ya kutiwa moyo yapo pia, lakini hayana mizizi mirefu: yanashika pale tu ambapo kazi inayofuata inakwenda vizuri. Na mwisho kuna mwili wenyewe, ule moyo unaodunda na viganja vinavyolowa karatasi za mtihani zikigawiwa, mtoto anavisoma kama ushahidi kwamba hawezi. Sasa utaona kwa nini ananyamaza ukimwambia unaweza. Neno lako ni jema, dada, ila linakuja mikono mitupu, halafu 11 inakuja na karatasi.

Usimnyime hilo neno. Mpe cha kulishikia.

Mwaka 1981 Bandura na mwenzake Dale Schunk walichukua watoto waliokuwa nyuma sana katika hesabu za kutoa, wasiozipenda hata kuziona. Waliwapa kazi ya kurasa 42 katika vikao saba. Kundi moja liliambiwa lijaribu kufikisha kurasa 6 kila kikao. La pili likaambiwa lengo ni kumaliza zote 42 mwisho wa vikao. La tatu halikupewa idadi yoyote. Kurasa ni zile zile kwa wote. Waliopewa sita sita ndio waliopanda kuliko wenzao, wakaamini zaidi kwamba wanaweza, na hata wakati wa hiari, bila kusukumwa, ndio walioendelea kufanya hesabu. Mtihani wa Novemba ndio kurasa 42 za kijana wako. Kila mtu anamwonyesha Novemba, hakuna aliyemkatia kipande cha leo usiku.

Jumamosi moja kaa naye, kazi ikipungua, atoe madaftari na karatasi zote za mitihani. Makosa ayahesabu mwenyewe, siyo wewe, na pembeni ya kila kosa aandike ni la namna gani: alama za kutoa na kujumlisha, sehemu, hakuelewa swali, alikosa muda. Aina itakayokuwa na makosa mengi ndiyo aanze nayo peke yake. Maswali sita kila usiku, basi. Kabla hajaanza aandike juu ya ukurasa: nitapata mangapi. Akimaliza asahihishe, kisha aandike sentensi moja: kilichonikosesha ni nini. Hiyo sentensi ndiyo moyo wa jambo lote. "Sina akili" usiikubali, kwa sababu haimwambii kesho afanye nini. "Nilisahau kugeuza alama" inamwambia.

Barry Zimmerman, wa Chuo Kikuu cha Jiji la New York, ndiye aliyeuchora vizuri mzunguko huu: kupanga kabla, kujifuatilia wakati unafanya, kujitathmini baada ya kumaliza, na tathmini ya leo ikawa mpango wa kesho. Mzunguko huo anauita kujifunza kwa kujisimamia. Wewe unafanya hivyo kila siku: unapima, unakata, unashikiza, mteja anajaribu, unafumua panapobana. Nakuuliza kitu kimoja. Binti anayekuja kwako kujifunza cherehani, unamfundishaje? Nijibu hilo, nina sababu.

---

Chalii wa Ngarenaro amejibu:

Mama shikamoo. Mimi nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, mchepuo wenye hesabu ndani. Form two nilikuwa na 9. Tisa, mama. Hiyo 11 ya dogo imenizidi.

Kilichonitoa mimi ni mshikaji wangu mmoja tuliyekuwa tunafeli naye pamoja. Siku moja akapata swali la kutafuta x, akanifuata mbio. Tukakaa kwenye ngazi za stoo, akawa analifanya huku anaongea: "Hapa nilikwama. Hapa nikadhani ni hivi, kumbe siyo. Nikarudi." Mwalimu wetu alikuwa mzuri sana lakini yeye akishika chaki jibu linatoka kama maji bombani, unaona tu kwamba yeye anaweza. Mshikaji wangu alinionyesha mtu anakwama halafu anatoka. Nikasema kama huyu katoka, na mimi nitatoka. Mtafutie dogo mtu wa hivyo, asiwe yule wa kwanza darasani.

---

Mwalimu wa Sakina amejibu:

Kijana, Mungu akubariki, umelisema vizuri kuliko vitabu vyangu vya chuo. Mwaka 1985 Schunk na Hanson walilipima hilo. Watoto waliomtazama mtoto mwenzao kwenye video akijifunza hesabu za kutoa walitoka na imani kubwa na alama kubwa kuliko waliomtazama mwalimu akizifanya. Na waliomtazama mwalimu nao waliwazidi wale ambao hawakuonyeshwa mtu yeyote.

---

Mzee wa Rau amejibu:

Mwalimu, kwa heshima zote. Haya ni ya Wamarekani wenye darasa la watoto 20 na vitabu vya kutosha. Huku mtoto anatoka shule ya msingi alikosoma kwa Kiswahili, Januari anaamka anafundishwa kila kitu kwa Kiingereza. Darasa lina watoto 80. Halafu unasema ajisimamie? Mimi naona ni kumbebesha mtoto mzigo wa serikali na wa shule. Akifeli tutasema hakujisimamia.

---

Mwalimu wa Sakina amejibu:

Mzee wangu, shikamoo. Hofu yako naiheshimu, kwa sababu nimewaona watu wakiitumia nadharia hii vibaya, hivyo hivyo ulivyosema. Lakini Bandura mwenyewe hakusema mtu ajibebe peke yake. Alisema kuna mambo matatu yanayovutana wakati wote: mtu na imani zake, matendo yake, na mazingira yake. Mwaka 1986, alipoiita kazi yake nadharia ya utambuzi wa kijamii, hiyo ndiyo ilikuwa nguzo yake. Ni mafiga. Ukisogeza moja, chungu kizima kinainama. Yule mwalimu aliyesema "kaa nyuma" alisogeza figa la mazingira, na la imani likafuata, kisha mtoto akaacha kufanya mazoezi, alama zikashuka, na alama zikampa mwalimu haki ya kusema nilijua.

Na huyo Bandura hakulelewa na utajiri. Alizaliwa 1925 Mundare, kijiji cha Kanada, na shule ya pale ilikuwa na walimu wachache sana, hata wanafunzi ikawabidi wajifunze mengi wenyewe.

La Kiingereza nakubali kabisa. Mama Marinda, hapa ongeza jambo. Katika ile hesabu ya makosa, aina ya "sikuelewa swali" aichunguze. Mara nyingi mtoto anajua kufungua mabano, ila lile neno la Kiingereza linalomwamuru ayafungue ndilo hajui. Aandike ukurasa mmoja wa hayo maneno ya amri, Kiswahili chake pembeni, kwa mkono wake. Si mengi sana kwa kidato cha pili. Nimeona watoto wakipanda kwa ukurasa huo tu.

Darasa la watoto 80 sitalipunguza mimi wala mama huyu kabla ya Novemba, mzee. Tupaze sauti kwa wahusika, na usiku mtoto afanye maswali sita.

---

Mama Marinda amejibu, wiki tatu baadaye:

Wapendwa nimerudi. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka nije na kitu mkononi.

Tulikaa Jumamosi ile, madaftari tukayatandaza kwenye meza ya kukatia. Makosa yalikuwa 41. Alipoyagawa, 23 yalikuwa ya alama ya kutoa, na karibu yote ya namna moja. Amenifundisha niliandike: −3(x − 4). Yeye kila mara anaandika −3x − 12. Ile 12 ilitakiwa iwe ya kujumlisha. Alikaa kimya muda mrefu anaziangalia, akasema, "Mama, kumbe ni kosa moja." Uso wake ulibadilika, sijui niuelezeje. Alikuwa amebeba makosa 41 kumbe nusu yake ni kosa moja limerudi mara 23.

Siku ya tatu nilikuwa nageuza gauni nililomaliza, kutoa nje ndani. Akalitazama, akasema ni sawa na ile toa iliyo mbele ya mabano: ukigeuza nguo, inageuka mishono yote, huwezi kugeuza mkono mmoja ukaacha mwingine. Tangu siku hiyo kosa lile limepungua sana. Mimi sikumwambia chochote, nilikuwa nageuza gauni langu.

Daftari la usiku lipo. Usiku wa kwanza aliandika atapata 2, akapata 3. Wa pili 3, akapata 3. Usiku wa tisa aliandika 6 akapata 2, akafunga daftari akatoka nje, nikaogopa tumerudi kule kule. Nikataka kumfuata nimwambie unaweza mwanangu, nikajizuia. Asubuhi nikakuta ameandika kwa penseli: "Nilibadilisha mada bila kusoma mfano." Usiku akarudia yale yale, akapata 5. Jaribio la juzi shuleni amepata 34. Najua 34 si ya kujivunia kwa wengine. Kwangu mimi nimeibandika ukutani karibu na pasi.

Mwalimu, uliniuliza ninavyomfundisha binti wa cherehani. Kwanza anakaa pembeni ananitazama, wiki nzima hata mbili, namwambia tazama mguu wangu, usitazame sindano tu. Halafu namtolea uzi kwenye sindano, namchorea mistari kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, afuate mstari na mimi niko nyuma yake. Matundu yakitoka nje ya mstari anayaona mwenyewe. Baadaye nampa kazi nyepesi, pindo, mito, anashona peke yake kwa kufuata kielelezo changu. Mwisho anakuja mteja mnene tumboni au mwenye bega moja chini, kielelezo hakimkai, na hapo binti anaamua mwenyewe. Akifika hapo najua huyu ni fundi.

Sasa nina swali. Kijana ameniambia hataki tena nilikague daftari lake kila usiku. Hakusema kwa ukali. Alisema, "Mama, nitakuonyesha Jumapili." Naogopa nikiachia ataacha. Nifanyeje?

---

Mwalimu wa Sakina amejibu:

Dada, ulichokieleza hapo cha binti wa cherehani, Zimmerman ameandika hatua hizo hizo nne: kutazama, kuiga ukiwa na msimamizi, kufanya peke yako kwa kufuata kielelezo, kisha kujisimamia na kubadilisha kulingana na hali. Ndiyo maana nilikuuliza. Tuisheni zetu nyingi zinaishia hatua ya kwanza, mtoto anatazama mwalimu akifanya, kisha tunarukia mtihani. Karatasi ya mfuko wa saruji haipo. Wewe umempa.

Kijana wako anatoka hatua ya tatu. Binti akianza kushona mito peke yake, bado unasimama nyuma yake ukihesabu matundu? Mwachie. Jumapili ukae naye, usianze na alama, muulize wiki hii alibadilisha nini na kwa nini. Kama kuna siku alikosa kufanya, aitaje mwenyewe na aseme kilichomzuia, umsikilize bila kukaripia. Akikosa siku tatu mfululizo, kaguzi za kila usiku zirudi kwa wiki moja, na mwambie hilo leo, mapema, mkubaliane.

Na yule mwenzake wa kukwama naye, aliyesema kijana wa Ngarenaro, mmempata?

---

Mama Marinda amejibu:

Tumempata, mwalimu. Wanakaa naye dawati moja huko nyuma, naye alipata 14. Anakaa Njoro. Wamepanga kila Jumamosi saa tatu asubuhi wasome kwao, kwa sababu kwangu cherehani zinapiga kelele. Nimekubaliana naye lile la siku tatu, tumepeana mikono.

Jumamosi hii nina sketi nane za marinda. Ameniachia vipimo vyote vimekokotolewa kwenye karatasi, na chini ameandika: "Ya tano kitambaa ni kifupi, usikate kabla hujaongea na mteja."